Nimekataa tambiko la baba, ukoo umenigeuka

BARUA

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa safu hii, na kwa wazee mlio na umri wa kuamkiwa, shikamooni.

Mimi ni mwanamume wa miaka 36. Nina watoto wawili na mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Tunaishi Makambako, nafanya biashara ya viazi mviringo. Kwetu ni Kilolo, na mimi ndiye kifungua mimba wa marehemu baba yangu. Niliokoka miaka minne iliyopita. Tunasali KKKT, na jioni za Jumatano na Ijumaa niko kwenye kikundi cha maombi.

Baba alifariki mwaka jana mwezi wa tatu. Siku ya mazishi wazee walipotaka kumwaga pombe kaburini, nilichukua kipaza sauti nikasema nyumba yetu imekombolewa, hatutaki mashetani yaitwe juu ya baba. Pakawa na fujo. Mama alilia mbele za watu. Shangazi yangu mkubwa hajanisemesha tangu siku ile.

Sasa ukoo umepanga tambiko Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, watu wakishavuna. Mimi kama mkubwa natakiwa kushika kibuyu, nimwage wa kwanza, niite majina ya mababu, kisha nikabidhiwe kigoda na mkuki wa baba. Nimepangiwa mchango wa shilingi 150,000 kwa ajili ya beberu mweusi na pombe. Nilimwambia baba mdogo kwa simu kwamba siwezi, nimeokoka na mchungaji amekataza. Akanijibu kwamba asiyemjua baba yake hana shamba la baba yake, na huyo mtoto atakayezaliwa akilia usiku tusije tukawauliza wao. Mama ananipigia kila jioni: "Mwanangu, mwaga kidogo tu, yaishe." Kikundi changu nacho kinasema nisikanyage kabisa, na wengine wamejitolea kuja siku hiyohiyo na spika na kinanda kuvunja madhabahu ya ukoo.

La pili ni dogo. Mwenzangu wa biashara anataka tuendelee kununua viazi kwa lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita mdomo. Nikimwambia si haki, anacheka: "Mlokole, sokoni hakuna kanisa."

Sitaki kumkana Kristo, na sitaki mama aondoke duniani akiwa na kinyongo na mimi. Nifanyeje?

Kifungua Mimba, Makambako


JIBU

Ndugu yetu Kifungua Mimba, amina, na pole kwa msiba ambao bado haujapoa.

Hatutakushauri umwage, hata kidogo. Lakini hatutakushauri pia ukae Makambako siku hiyo, na spika za wenzako zibaki kanisani. Nenda. Tatizo lako kwa sasa ni kwamba umekataa tambiko zima kwa neno moja, na ukoo umesikia kwamba umemkataa baba. Kazi ya hizi wiki tano ulizobakiwa nazo ni kukichambua kitu hicho mpaka ubaki na kile kidogo unachokikataa kwa ajili ya Kristo, ukiseme mapema na kwa adabu, halafu vingine vyote uvifanye kuliko mtu yeyote wa ukoo.

Fungua Danieli sura ya 1 uisome polepole. Watu humkumbuka Danieli kwa kukataa, lakini hesabu alivyokubali: alikubali kupewa jina la kigeni, alikubali kusoma lugha na elimu ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, alikubali kuwa mtumishi ndani ya jumba la mfalme. Alikataa chakula na divai basi. Na angalia namna alivyokataa. Maandiko yanasema alimwomba mkuu wa matowashi, na alipoona yule mzee anaogopa kukatwa kichwa, akaenda kwa msimamizi aliye chini yake na kupendekeza majaribio ya siku 10. Aliona hofu ya mwenzake akaitafutia njia. Baba yako mdogo naye ana hofu, na tutairudia.

Sasa tuchambue tambiko lenyewe. Ukiliangalia kwa karibu lina vipande kama vinane. Kuna kuchanga. Kuna kufyeka na kusafisha makaburi. Kuna kupika na kulisha watu. Kuna kikao cha ukoo, ambako madeni, mashamba na ugomvi huzungumzwa. Kuna kuchinja. Kuna kumwaga pombe, au unga uliokorogwa na maji, huku wafu wakiitwa kwa majina na kuombwa walinde nyumba, watoe uzazi, wazuie ugonjwa. Kuna kula pamoja. Mwisho kuna kukabidhiana vitu vya marehemu na nafasi yake. Katika hivyo vyote, kinachogusa moyo wa imani yako ni kile cha kuwaita waliokufa na kuwaomba, pamoja na mnyama na pombe vilivyotengwa kwa ajili hiyo. Wazee wa Uhehe na Ubena watakwambia hawawaabudu wafu, wanamwomba Nguluvi, yaani Mungu, kwa kupitia waliotangulia. Usibishe kwa kuwaita waongo, wanaeleza wanachokiamini. Jibu lako liko 1 Timotheo 2:5: mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu. Huwezi kuwa naye na papo hapo ukamtafuta baba akusemee. Hilo ndilo fundo. Kila kitakachofuata kipime hapo.

Kufyeka makaburi hakumwiti mtu. Fyeka. Kulia kaburini hakumwiti mtu, wala kumtaja baba kwa shukrani. Kukaa kwenye kikao si ibada. Naamani aliomba ruhusa ya kumsindikiza bwana wake hekaluni mwa Rimoni, na Elisha akamwambia aende kwa amani (2 Wafalme 5:18-19), kwa hiyo kuwapo mahali si sawa na kushiriki. Lakini Naamani huyohuyo alikwisha kusema waziwazi kwamba hatamtolea sadaka mungu mwingine. Alianza kwa kutangaza, ndipo akasindikiza. Wewe nawe huwezi kusimama pale kimya ukitumaini wataelewa.

Kabla ya hayo yote, rudi kwanza kwenye kipaza sauti. Hapo ulikosa. Ulichokiamini hatukipingi, ila uliwasemea vibaya wazee na kumliza mjane mbele ya jeneza la mumewe, siku ambayo hakuna aliyeweza kukujibu. 1 Petro 3:15 inataka tujibu kwa upole na kwa hofu. Usipoomba radhi kwa hilo, kila utakachosema mwezi wa saba kitasikika kama kipaza sauti cha pili. Wako Wakristo wanaodhani kuomba radhi ni kurudi nyuma. Wanachanganya msimamo na lugha. Unaweza kuomba radhi kwa lugha bila kuuza msimamo hata nukta.

Kwa hiyo wiki hii ya kwanza panda gari uende Kilolo, wewe peke yako, bila mke, bila mtu wa kikundi. Nenda kwa baba mdogo jioni, akiwa ametoka shambani na yuko na nafasi. Usifanye hili kwa simu. Simu ndiyo iliyokuharibia mara ya kwanza, maana mzee hakuuona uso wako akasikia amri tu. Chukua blanketi zito, mwezi wa sita na wa saba huko baridi si ya mchezo, na sukari kilo 2. Amkia, "Kamwene, baba," kaa chini yake, subiri akuulize habari za njiani. Kisha sema jambo moja tu siku hiyo: "Baba, nimekuja kuomba radhi. Siku ya kumzika kaka yako niliwavunjia heshima mbele za watu. Sikupaswa kusema vile, wala siku ile, wala kwa kipaza sauti." Nyamaza hapo. Usiongeze "lakini". Akikutukana, pokea. Ukoo wenu ukitoza faini, lipa, ila kama faini ni kuku au mbuzi wa kupelekwa kaburini, omba kwa unyenyekevu uilipe kwa fedha au jembe. Lala hapohapo. Asubuhi nenda kwa mama, kisha kwa shangazi, useme yaleyale. Shangazi asipofungua mlango, mwachie khanga kwa mwanawe na urudi tena safari ijayo. Usimpuuze huyu: nyumba nyingi kauli ya shangazi hubeba uzito kuliko ya wanaume wote wa kikao.

Safari ya pili, wiki moja au mbili baadaye, ndiyo ya kusema unachokataa. Hapa maneno yana kazi kubwa. Usianze na "nimeokoka", kwa masikio ya baba mdogo neno hilo lina maana ya "mimi ni safi, nyinyi wachafu". Usiseme "mchungaji amekataza". Ukisema hivyo umemfanya mchungaji kuwa adui wa ukoo, na wewe mwenyewe umejifanya mtoto anayetumwa, wakati wanakutafuta uwe mtu mzima wa nyumba. Usitaje shetani kabisa. Sema kwa kinywa chako: "Baba, mimi maombi yangu yote nimeyakabidhi kwa Yesu Kristo. Siwezi kushika kibuyu na kuwaita babu, nikifanya hivyo nitakuwa nawadanganya nyinyi na namdanganya na yeye. Hilo moja naomba mnisamehe. Kazi nyingine yote ya siku hiyo nipeni mimi." Halafu zitaje hizo kazi moja baada ya nyingine, kwa kiasi na tarehe, asije akadhani unapiga maneno. Kama ukoo una mtani anayeheshimika, mpitie kabla. Mtani anaweza kuwaambia wazee katika utani kile ambacho wewe ukikisema kitakuwa tusi, na akishacheka nao njia imefunguka.

Mchango sasa. Umepangiwa 150,000. Toa 180,000 au zaidi kama mfuko unaruhusu, na utoe mapema, wiki tatu kabla, hujadaiwa. Anayekataa kwa ajili ya imani na papo hapo akabaki na fedha yake mfukoni, ukoo mzima utaona dini yake ni ubahili, na kwa kweli hatutawalaumu. Yesu aliwakemea vikali waliotumia neno "korbani" kumnyima mzazi haki yake kwa kisingizio cha Mungu (Marko 7:9-13). Ila fedha yako isiingie kwenye beberu wala kwenye pombe. Kabidhi vitu badala ya noti. Kwa watu kama 60 wa mlo mmoja mkubwa, unga wa ugali kilo 15, mchele kilo 10 kwa wazee na wageni, maharage kilo 6, mafuta lita 3, sukari kilo 4 na majani ya chai vinatosha. Nauli ya wazee wanaotoka mbali nayo ibebe wewe. Ukikabidhi vitu hakuna haja ya hotuba kuhusu kwa nini hukutoa noti, gunia linajieleza.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ndilo huwaponza: kikombe. Kwetu huku nyanda za juu, mwenye mikono mitupu watu wakiwa na pombe ya ulanzi au komoni huonekana amekuja kuhesabu dhambi zao. Basi uwe na kinywaji chako, na kiwe kizuri kiasi kwamba na wao wakitake. Peleka togwa. Mke wako au mama anajua kupika, lakini kwa kuwa ni nyingi tuiandike. Kwa ndoo mbili za lita 20, chemsha uji mwepesi wa unga wa mahindi kilo 4, uive vizuri. Uepue, uuache upoe hadi uweze kutumbukiza kidole na kuhesabu moja mpaka tatu bila kukitoa. Hapo ndipo unatia kimea cha ulezi kilo 1 hadi 1 na nusu, unakoroga kwa mwiko msafi, unafunika. Baada ya saa chache uji unalegea zaidi wenyewe na kuwa mtamu bila sukari. Kosa la kawaida ni kutia kimea uji ukiwa bado unatokota: kimea kinaungua, uji haulegei, asubuhi una uji baridi tu. Kosa la pili ni kuipika mapema mno. Ipikwe Ijumaa jioni inywewe Jumamosi. Jumapili inaanza kuchachuka, na ikifika Jumatatu umeleta pombe kwa mlango wa nyuma. Kimea chenyewe anza siku 6 au 7 kabla: ulezi ulale majini usiku mmoja, uufunike siku mbili au tatu uchipue, uuanike mpaka ukauke kabisa, ndipo usagwe. Ukisagwa na unyevu unavunda.

Ila uangalie ndoo yako. Kwa kuwa unga na maji navyo hutumika kaburini, mtu anaweza kuichota togwa yako kwa kumwagia. Mkabidhi dada mmoja unayemwamini aigawe yeye mwenyewe, vikombeni, uani kwenye jiko.

Siku yenyewe. Fika Alhamisi, si Jumamosi asubuhi. Ijumaa fyeka makaburi yote ya ukoo, lisiwe la baba peke yake. Kama kaburi la baba halijajengewa, ahidi kulijenga na uanze. Limekwisha kupita msimu mzima wa mvua, udongo umetulia, halitapasuka saruji kama linalojengewa mwezi mmoja baada ya maziko. Kwa kaburi la mita 2.2 kwa 1, mistari mitatu ya bloku ni kama bloku 42, saruji mifuko 4 pamoja na ya kupiga lipu na kumwaga juu, na mchanga toroli kadhaa. Fundi mmoja na msaidizi wanaimaliza kwa siku mbili. Kazi hii ina faida kubwa kuliko maneno: miaka yote ijayo mtu akisema kifungua mimba hakumheshimu baba yake, kaburi litakuwa hapo linamjibu.

Saa ya kumwaga ikifika, mara nyingi alfajiri, usiondoke kwa kishindo wala usijifiche chooni. Wakati huo uwe jikoni unachochea moto, kama mlivyokubaliana na baba mdogo. Ukilazimika kuwapo kaburini, simama nyuma na mikono yako imefungwa mbele; usiitikie pale watu wanapoitikia majina, na usifanye ishara za kupinga, usikemee kwa kunena kwa lugha, usitikise kichwa. Nani ashike kibuyu? Pendekeza mapema baba mdogo mwenyewe, ambaye ni wa kizazi cha baba. Usimtume mdogo wako akamwage kwa niaba yako. Wako wanaofanya hivyo na kudhani wamepona. Kinachofanywa kwa niaba yako umekifanya wewe, na umemtumbukiza mdogo wako katika jambo unaloliita baya.

Nyama nayo ina swali lake. 1 Wakorintho 10:25-29 inakupa njia: kile kilichoandaliwa kwa chakula kula bila kuchunguza, ila mtu akikwambia hiki kimetolewa sadaka, kiache, kwa ajili ya huyo aliyekwambia. Kipande kilichochomwa kaburini usile. Beberu mzima umekwisha kujua ni wa tambiko, kwa hiyo usimle. Kuku na maharage yaliyopikwa kwa wageni, kula na ushibe. Ndiyo sababu ya kupeleka chakula chako: sahani yako isiwe tupu. Usharika wako ukiwa na msimamo mkali kuliko huu, ufuate. Hatutaki dhamiri yako ijeruhiwe kwa ajili ya ushauri wetu.

Kigoda na mkuki ni vitu vya baba. Vipokee kwa mikono miwili, ila omba ukabidhiwe nyumbani, kwenye kikao, mbele ya mama, wala si kaburini katikati ya kunuiza. Wakitaka kukupaka au kukufunga kitu wakati wa kukabidhi, sema tena sentensi yako ileile moja. Wakisema basi hupewi, usivutane. Kigoda unaweza kukikosa ukabaki kifungua mimba. Yesu mwenyewe, msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi ili asibaki bila mtu (Yohana 19:26-27). Kumtunza mama ndiyo nafasi ya baba: mbolea ya shamba lake ifike kabla mvua hazijaanza, bati likivuja uwe wa kwanza kujua. Hiyo haitolewi na kikao wala haiondolewi nacho.

Tulisema tutarudi kwenye hofu ya baba mdogo. Yule mzee hakutishii tu, anaogopa. Anaamini kweli kwamba baba yenu asipoitwa, ugonjwa utaingia, na utaanzia kwa watoto. Ukimjibu kwa kejeli unamthibitishia kwamba hujali wajukuu zake. Na ujiandae sasa: mtoto ataugua, kwa sababu watoto huugua, na siku hiyo simu zitalia. Mke wako asikose kliniki hata mara moja, na kadi yake iwe imejazwa. Akina mama wa kikundi wasimwambie aache dawa za kuongeza damu ili kuonyesha imani, hilo ni kosa kubwa. Mtoto akipata homa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na umpigie baba mdogo wewe kabla hajasikia kwa wengine: "Mjukuu wako anaumwa, tuko hospitali, daktari amesema hivi na hivi." Habari iliyotoka kwako haigeuki kuwa uvumi. Na ikitokea baba mdogo ndiye ameugua, ole wako useme Mungu amempiga. Beba dawa na matunda, nenda ukamwone.

Kwa mama na ile "kidogo tu". Mwambie taratibu kwa nini haiwezi kuisha kwa kidogo. Ukimwaga mwaka huu, mwaka wa mvua mbaya utaitwa tena, na akiolewa dada yako utaitwa tena. Siku ukikataa watasema mara ya kwanza uliwahadaa. Wako wanaoshauri umwage huku moyoni unamtaja Yesu. Watu hawauoni moyo, wanaona mkono unaomwaga, na mkono huo utakuwa umesema uongo kwa mababu, kwa wazee na kwa Bwana wako. Mama anachotaka hasa ni amani ya nyumba. Mpe amani hiyo kwa njia nyingine: lala kwake, mpigie wewe kila jioni badala ya kusubiri yeye akupigie.

Kikundi chako kinakupenda, lakini kwenye hili kinakosea. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba hakumaanisha wajitenge na watu wa dunia hii wasioamini, maana ingewabidi watoke duniani (1 Wakorintho 5:9-10). Na kupeleka spika kwenye uwanja wa mtu bila kuitwa ni kuanzisha vita vitakavyomwangukia mama yako, wao wakiwa wamesharudi Makambako. Waombe wafunge na kuomba hukohuko Ijumaa ile. Unachohitaji Kilolo ni mtu mmoja: mzee wa kanisa wa umri wa baba yako, ikiwezekana wa ukoo wenu au jirani, atakayekaa karibu nawe bila kuhubiri. Injili iliingia Uhehe na Ubena mwishoni mwa miaka ya 1890. Karibu kila usharika una mzee ambaye babu yake alipita palepale ulipo. Mtafute kupitia mchungaji wa usharika wa kijijini, na umwombe mchungaji huyo ibada ya shukrani ya kumkumbuka baba, siku nyingine kabisa. Mkizifanya siku moja, nusu ya ukoo wataona ibada ni sehemu ya tambiko na nusu nyingine wataona ni mashindano.

Shamba. Hapa usitishike. Mrithi wa kigoda na msimamizi wa mirathi ni mambo mawili. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, na mahakama haiulizi nani alimwaga pombe. Katiba ibara ya 19 inalinda imani yako. Tafuta cheti cha kifo sasa kama hakipo. Kikao kikikaa, omba muhtasari uandikwe: waliohudhuria, mali zilizotajwa, jina lililopendekezwa, na kila mtu atie saini. Haki ya mama iandikwe kwanza. Ukiona wanataka kugawa bila muhtasari, usigombane hapo, omba kikao kiahirishwe na uende ukaulize Mahakama ya Mwanzo. Lakini usitangulize mahakama kabla ya kuomba radhi, maana ukoo ukishaitwa shaurini hautasikia radhi yako tena.

Kuhusu lumbesa, jibu ni fupi kwa sababu hapa hakuna wa kubembeleza. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100 kwa sheria ya vipimo, na kinachozidi juu ya mdomo wa gunia ni jasho la mkulima. Kumbukumbu la Torati 25:13-15 inakataza vipimo vya namna mbili, kikubwa na kidogo. Nunua mizani, nunua kwa kilo, andika kilo na bei kwenye karatasi na umpe mkulima nakala. Faida kwa gunia itashuka, hilo ni kweli. Mpe mwenzako miezi mitatu ya kujaribu, hesabu zikiwa wazi. Akikataa, gawaneni mtaji kwa maandishi na muachane bila kelele. Mwenza wa biashara unaweza kumwacha. Baba mdogo huwezi, wala hupaswi kutaka.

Mwisho, usiondoke Jumamosi jioni. Jumapili osha masufuria, rudisha viti vya watu, mwombe mama aende nawe kanisani, na akikataa mwache apumzike. Pita kwa baba mdogo kabla ya kupanda gari Jumatatu, umuulize saruji iliyobaki aitunze wapi mpaka fundi arudi kumalizia lipu.